Umemaliza chuo unataka uafisa habari serikalini hapa Zanzibar? Soma hii kabla hujanipigia

Kila ikifika miezi ya mahafali simu yangu haikai, mara mtoto wa jirani, mara rafiki wa mdogo wangu, mara mtu simjui kabisa ila kapewa namba na shangazi yake, na wote suali moja: dada nimemaliza digrii yangu ya mawasiliano, nataka kuwa afisa habari wa serikali, nianzie wapi? Nimechoka kurekodi voisi zile zile za dakika saba saba, bora niandike mara moja halafu ntakuwa nasambaza. Mie nimo kwenye kazi hii mwaka wa tisa sasa, nlianza taasisi moja hapa Unguja, nkapelekwa Pemba, nkarudi, kwa hiyo haya ni ya kwangu, mwengine atakwambia vyengine.

Kwanza tuelewane kazi yenyewe ni ipi. Wengi mnaiona ile ya kwenye tv, mtu kavaa vizuri kasimama nyuma ya waziri na kamera shingoni. Hiyo ipo lakini ni saa moja katika siku nzima, na ukiwa unaitaka kazi kwa sababu ya ile saa moja utachoka mapema. Asubuhi unapitia gazeti la Zanzibar Leo na unasikiliza taarifa ya habari ya ZBC kujua wizara yako imetajwa wapi na imesemwa nini, unazunguka Facebook na magrupu ya WhatsApp kuona watu wanalalamika nini, unamuandikia mkurugenzi nusu ukurasa aujue mji umeamkaje. Halafu unaletewa ripoti ya kurasa 40 ya wataalamu unaambiwa itoe taarifa kwa umma leo leo. Hapo ndo kazi inapoanza, na kazi yenyewe sio kuandika, ni kuuliza.

Ntakupa mfano mmoja maana huu ndo ulionifanya nielewe. Nlikuwa fildi bado, yaani mafunzo ya kazini, mwanafunzi, nkapewa niandike tangazo la kufungwa barabara. Nkaandika vizuri kabisa kama nlivyofundishwa: "Uongozi unapenda kuwaarifu wananchi wote kuwa barabara itafungwa kwa muda kupisha matengenezo. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza." Nkajiona msomi. Bi mkubwa aliyekuwa akinisimamia akaisoma, akavua miwani, akaniuliza, ipi? Inafungwa kutoka wapi mpaka wapi? Kwa muda ndo siku ngapi? Daladala zipite wapi? Watoto wa skuli? Na akifa mtu, jeneza litapita wapi kwenda makaburini? Sina jibu hata moja. Akanambia nenda kwa muhandisi, muhandisi akanambia andika tu kwa muda, nkarudi, akanirejesha tena, safari ya tatu nkaenda mwenyewe pale kwenye kifusi nkamkuta fundi mkuu kavua viatu anakunywa chai ya rangi kwenye kikopo, yeye ndo aliyekuwa na habari zote, kaziandika nyuma ya boksi la sigara. Tangazo likatoka hivi: "Barabara kutoka skuli mpaka msikiti wa Ijumaa itafungwa kuanzia Jumamosi saa 1 asubuhi mpaka Jumanne saa 12 jioni. Daladala zitapita nyuma ya soko. Upande mmoja utaachwa wazi kwa gari ya wagonjwa na kwa jeneza." Basi. Hamna uongozi unapenda, hamna usumbufu wowote. Mpaka leo nikiandika kitu chochote najiuliza jeneza litapita wapi.

Sasa kazi ziko wapi. Usifikirie wizara ya habari peke yake. Kila wizara ya SMZ (Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar) ina watu wa habari na uhusiano, na kuna taasisi na mashirika, ZAWA ya maji, ZECO ya umeme, ZRA ya kodi, ZSSF ya hifadhi ya jamii, ZIPA ya uwekezaji, Kamisheni ya Utalii, Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, manispaa na mabaraza ya miji, Baraza la Wawakilishi pale Chukwani, Ikulu nao wana watu wao. Idara ya Habari Maelezo ndo kama jiko la pamoja la habari za serikali. ZBC na Zanzibar Leo ni vyombo vya serikali lakini kule unakwenda kuwa mwandishi, ni njia nyengine, ingawa wengi wetu tumepitia huko kwanza na faida yake ni kubwa, unajua ripota anataka nini na anakitaka saa ngapi. Kawaida mashirika yanalipa vizuri kuliko wizara, nakwambia ukweli, lakini wizarani unajifunza mengi kwa haraka maana watu ni wachache na kila kitu kinakuangukia wewe.

Halafu jua unaomba kwa nani. Kuna nafasi za SMZ na kuna nafasi za taasisi za Muungano zilizo na ofisi huku, na hizo ni milango miwili tofauti. Za SMZ zinapita Tume ya Utumishi Serikalini na mfumo wa kuombea kazi mtandaoni wa Zanajira, za Muungano zinapita Sekretarieti ya Ajira na mfumo wao. Fungua akaunti kote kuwili leo leo usisubiri tangazo, maana tangazo likitoka siku zinakuwa chache na mtandao unazidiwa kila mtu yumo ndani usiku wa mwisho. Na masuala ya habari sio ya Muungano, yaani sheria ya habari ya Bara haifanyi kazi huku, sisi tuna ya kwetu, ile ya usajili wa wakala wa habari, magazeti na vitabu namba 5 ya 1988 na ya Tume ya Utangazaji namba 7 ya 1997. Kama umesoma Dar wamekusomesha ya kule, kaa usome za huku, na Sheria ya Utumishi wa Umma namba 2 ya 2011 nayo uipitie japo mara moja. Kwenye intavyuu watu wanaanguka hapo, wanajibu kwa kujiamini sheria ya nchi ya upande wa pili wa bahari.

Makaratasi. Hapa nisikilizeni vizuri maana ndo panapoua ndoto za watu kimya kimya. Kitambulisho cha Mzanzibari, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya skuli, cheti cha chuo, na majina yawe MAMOJA. Sisi huku majina yetu tunayajua wenyewe, mtu cheti cha kuzaliwa ni Mohammed, form four ni Mohamed, chuo ni Mohd, na babu yake Khamis kwengine kawa Hamisi. Mie langu lilikuwa na herufi moja tu tofauti na nlizunguka wiki nzima na hati ya kiapo. Toa vyeti vyote leo uvitandaze kitandani usome herufi kwa herufi, kama kuna tofauti anza kurekebisha sasa hivi wakati hamna anokukimbiza. Skani vyote kwa rangi, weka kwenye email yako na kwenye fleshi, na email yenyewe iwe na jina lako, sio ile uliyofungua ukiwa darasa la tisa, utatahayari.

Digrii ya habari ni nzuri lakini sio lazima iwe hiyo peke yake, angalia tangazo linasemaje, nimefanya kazi na watu waliosoma Kiswahili, uhusiano wa umma, hata IT, na yule wa IT ndo alikuwa hodari kutushinda maana anajua kupiga picha, kukata video na kuitengeneza tovuti ikianguka. Kiswahili chako kiwe kizuri. Kuzaliwa Unguja hakutoshi, nimeona watoto wa Mji Mkongwe wanaandika taarifa haina kichwa wala miguu. BAKIZA, Baraza la Kiswahili Zanzibar, wapo, waulize neno ukikwama, hawaumi. Kiingereza nacho utakitaka, wafadhili na watalii wanataka taarifa zao, lakini andika ya Kiswahili kwanza halafu ndo ya Kiingereza, ukianza na Kiingereza ile ya Kiswahili itanuka tafsiri.

Fildi usiichezee. Wanafunzi wengi wanatafuta pahala karibu na kwao, wanasainiwa fomu, basi. Tafuta ofisi yenye kazi nyingi na watu wachache hata kama ni daladala mbili kufika, na ukifika usikae unangoja kupangiwa. Ukiona meza imejaa magazeti ambayo hayajakatwa, kata, bandika, weka tarehe. Kamera haina chaji, ichaji. Watu hawasahau vitu hivyo, ofisi ikitoa nafasi miaka miwili baadae kuna mtu atasema yule mtoto wa fildi yuko wapi siku hizi. Hiyo haikupi kazi, usaili utafanya kama wenzio, lakini inakupa mtu wa kukwambia tangazo limetoka na wa kukuandikia kama mdhamini. Na kuhusu mjomba atakaekupigia akwambie toa pesa kidogo nafasi ipo, mkate simu. Kazi ya serikali haiuzwi na anaeuza ni tapeli, wapo wanaolizwa kila mwaka.

Ukiwa unasubiri ajira (na utasubiri, wengine mwaka wengine zaidi, sikufichi) usikae nyumbani unahesabu feni. Redio jamii ni skuli ya bure: ipo Micheweni kule Pemba, ipo Tumbatu FM, ipo Mtegani FM Makunduchi, hawana pesa ya kukulipa ya maana lakini wana kipaza sauti na wana wasikilizaji wanaokupigia simu kukwambia umekosea. Na nenda kwa sheha wako, kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, umwambie nataka nikusaidie kuandika matangazo ya shehia, siku ya chanjo, siku ya usafi, kitambulisho kinachukuliwa wapi. Ukiandika kumi umeshapata mkoba wa kazi zako kuliko mwenzio aliyeweka kwenye sivii "ninaweza kufanya kazi chini ya shinikizo". Mie nikiwa kwenye jopo la kusaili naangalia kitu kimoja, nionyeshe kitu ulichoandika kikasomwa na mtu ambae sio mwalimu wako.

Usaili kawaida una karatasi ya kuandika na kisha wa mdomo. Jipime nyumbani: chukua hotuba yoyote ya bajeti ya wizara, zinasomwa Barazani kuanzia mwezi wa tano, weka saa mbele yako, nusu saa, toa taarifa ya ukurasa mmoja, kichwa cha habari, nani kafanya nini lini wapi, kinamhusu nini mwananchi, na tarakimu mbili tatu sio ishirini. Fanya hivo mara kumi. Wa mdomo watakuuliza waziri wako nani, katibu mkuu nani, wizara ina idara gani, na halafu lile suali wanalolipenda: kumetokea jambo baya, waandishi wako nje, bosi hapatikani, utafanya nini? Usijibu "ntazungumza na vyombo vya habari". Huna mamlaka hayo. Msemaji ni waziri, katibu mkuu au aliyepewa ruhusa, wewe kazi yako ni kumtafuta kwa kila njia, kukusanya yaliyothibitika, kuwaambia waandishi taarifa itatoka saa fulani, na saa hiyo itoke kweli hata kama ni mistari mitatu.

Na hili la jambo baya nataka nikae nalo kidogo. Wakubwa wangu wanaikumbuka Disemba 2009, waya wa umeme wa chini ya bahari ulipoharibika Unguja ikakaa gizani takriban miezi mitatu mpaka Machi 2010, maji nayo tabu maana pampu zinataka umeme. Wakati ule hakukuwa na haya magrupu. Leo umeme ukikatika dakika kumi tu kuna voisi tano zinazunguka kila moja na sababu yake. Au chukua Machi 2024, Kisiwa Panza, wilaya ya Mkoani huko Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na 78 walilazwa. Na 2021 huko huko Pemba walikufa saba kwa kasa. Sasa wewe ndo afisa habari, ujumbe ni usile kasa, rahisi, eti? Sio rahisi hata kidogo. Kasa kwa watu wa kule ni kitoweo cha tangu mababu, wengi wamekula mara ngapi hawakudhurika, ukiwaandikia posti yenye nembo na maneno "sumu ya chelonitoksini" hakuna wa kukuelewa na tena wataona unawadharau. Hapo unahitaji sheha, imamu baada ya sala, mwalimu wa madrasa, mvuvi mzee anaeheshimika aseme kwa mdomo wake, na uende mwenyewe kwa mashua ukakae ukumbini na kina mama usikie wanasema nini kabla hujaandika neno. Maana ni kina mama wanaopika. Posti ya Instagram iwekwe pia, sawa, lakini ile ni ya watu wa mjini na wafadhili.

Kusikiliza huko ni nusu ya kazi. Mie mwanamke sikai Jaws Corner, ile baraza ya wanaume ya kahawa na siasa pale Mji Mkongwe, lakini nna kaka yangu hakosi, kila jioni namuuliza leo wamesemaje, na mara nyingi ananipa kichwa cha habari cha kesho.

Makosa utafanya. Langu kubwa la mwaka wa kwanza: nliandika mualiko kwa waandishi, mkutano "10:00". Nusu ya waandishi wakaja saa 4 asubuhi, nusu wakaja saa 10 jioni, na mheshimiwa asubuhi ile kakaa mbele ya viti vitupu na maripota wawili, mmoja wao hana hata kalamu. Sikusemwa kwa sauti, nlitizamwa tu, bora ningesemwa. Tangu siku ile naandika "saa 4 asubuhi" kwa maneno, kila mahali. La pili ni majina na vyeo. Soma orodha ya wageni mara tatu, mpigie katibu muhtasi umuulize jina linavyoandikwa, na usimtegemee mshereheshaji atayekuokoa kwa "itifaki imezingatiwa". Ukimkosea mkuu wa mkoa cheo chake taarifa nzima itasahauliwa itabaki hiyo tu.

Taarifa ikishaandikwa inapita mikono, mkurugenzi, katibu mkuu, saa nyengine waziri mwenyewe, na kila mmoja ataongeza sentensi na maneno "kwa dhati kabisa". Vumilia, shinda mapambano yanayostahili. Mie huwa nawaachia "kwa dhati kabisa" lakini siachii tarehe, siachii mahali, siachii namba ya simu. Na usipeleke saa 12 jioni kitu unachotaka kisikike usiku ule, pigia chumba cha habari mapema uwaambie kinakuja.

Kuhusu nauli za waandishi, utakutana nalo siku ya kwanza kwa hiyo bora ulijue. Ripota wa kujitegemea kalipa daladala mwenyewe kuja kwenye shughuli yako na ofisi yake haimlipi kitu. Kumpa nauli kwa utaratibu unaosainiwa wenye risiti ni kitu kimoja, kumpa bahasha ili asiandike au aandike unavyotaka ni kitu chengine, na huo wa pili usiuguse hata ukiambiwa ndo desturi.

Msimu wenyewe ni Disemba mpaka Januari 12. Sherehe za Mapinduzi, mawe ya msingi, uzinduzi, asubuhi uko Nungwi mchana uko Paje, hulali. Mwezi huo usipange harusi yako, nimeona.

Na ukipangiwa Pemba nenda. Vijana wa mjini mnalia mkisikia Chake Chake, kama mnapelekwa ughaibuni. Kule kila wizara ina Afisa Mdhamini, yaani mkuu wake wa Pemba, na ofisi ni ndogo, utakuwa mpiga picha, mwandishi, mtunza tovuti na msoma hotuba kwa wakati mmoja, na utakaa meza moja na wakubwa ambao hapa Unguja ungeonana nao kwa barua. Miaka yangu miwili kule ndo iliyonifundisha kazi. Beba kamera yako kama unayo, pawa benki, mwavuli, na viatu ambavyo hutojali vikiingia maji ya chumvi, maana ukienda visiwani kama Kojani na Kisiwa Panza kwa mashua, si kila siku utateremka mkavu.